Gharama ya Montreal



Kila timu ya Taifa inaporudi mikono mitupu kutoka Michezo ya Olimpiki, husikika hesabu ile ile: tangu mwaka 1964 Tanzania imepata medali 2 tu, zote za fedha, na zote katika Michezo ya Moscow ya mwaka 1980. Hesabu hiyo ni ya kweli. Lakini inauruka mwaka mmoja, na mwaka huo ndio unaostahili kuzungumzwa.

Filbert Bayi alikuwa kijana wa miaka 20 aliposimama kwenye mstari wa mita 1,500 mjini Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Desturi ya mbio hizo ni kuviziana hadi mzunguko wa mwisho. Bayi hakumvizia mtu. Alishika uongozi mapema, akawaacha wenzake nyuma kabisa, na John Walker wa New Zealand alipomkaribia mwishoni, huku akishangiliwa na watu wa kwao, hakumfikia. Saa ilionyesha dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Walker mwenyewe, ingawa alikuwa wa pili, aliipita rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata Bayi aliweka rekodi ya dunia ya maili mjini Kingston. Miezi michache baadaye Walker akaivunja. Wapenzi wa riadha wakawa wanangoja wawili hao wakutane Montreal mwaka 1976.

Hawakukutana. Tarehe 16 Juni mwaka huo watoto wa shule wa Soweto walipigwa risasi walipoandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Makaburu, na damu yao ikiwa haijakauka timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika ya Kusini. Nchi za Afrika zikataka New Zealand itolewe katika Olimpiki. Wakubwa wa Olimpiki wakajibu kuwa raga si mchezo wao. Jibu la karani aliyefunga dirisha. Zaidi ya nchi 20 za Afrika zilijitoa, Tanzania ikiwamo. Walker alitwaa dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.2, yaani sekunde 7 zaidi ya muda wa Bayi kule Christchurch.

Wako wasemao kuwa siasa iliharibu michezo. Na waulizwe: ni nani aliyeiingiza, yule aliyekataa kucheza, au yule aliyechagua wachezaji kwa rangi ya ngozi? Mwaka 1977, huko Gleneagles, viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana kuzuia michezo na Afrika ya Kusini. Makubaliano hayo hayakudondoka kutoka mbinguni.

Hata hivyo, uamuzi ulikuwa wa Taifa zima, lakini waliolipa ni wanamichezo wachache. Mkimbiaji hawi na miaka 23 mara mbili. Mwaka 1980 Marekani ilimtuma Muhammad Ali Dar es Salaam kuishawishi Tanzania isiende Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kumwona, na timu ikaenda. Bayi alikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akaongoza kwa mtindo wake ule ule, hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipompita katika mzunguko wa mwisho. Suleiman Nyambui naye akapata fedha katika mita 5,000.

Montreal, basi, si kisingizio cha miaka yote iliyofuata. Makaburu hawakuwako Rio mwaka 2016, ambako Alphonce Simbu alimaliza marathoni akiwa wa tano, wala hawakumsaidia alipotwaa ubingwa wa dunia mjini Tokyo mwaka 2025. Na si wao wanaokigeuza kipindi cha michezo shuleni kuwa cha hesabu mtihani unapokaribia.