Dizaini Bure, Uchapaji kwa Pesa: Mbunifu wa Nakivale Anaweza Kupata Kiasi Gani?



Swali nililopewa kwenye semina hii yenu, vijana wa Base Camp, Juru na Rubondo, kanda za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ni fupi: dizaina anaweza kupata kiasi gani? Ningeweza kuwasomea mishahara ya Kampala tukapiga makofi tukaenda kula. Isingewafaa kitu. Dizaina wa benki ana mshahara wa mwezi, dizaina wa duka la uchapaji mjini Mbarara analipwa kwa siku au kwa kazi, na dizaina wa hapa kambini analipwa mteja akikumbuka. Wote watatu wanaweza kuwa wanatumia programu zilezile, na mara nyingine wa hapa ndiye mwenye mkono mzuri zaidi. Kinachowatenganisha ni mahali kila mmoja anaposimama kati ya mwenye shida na mwenye mashine.

Ingieni duka lolote la uchapaji Mbarara, pale High Street au kwenye vichochoro vinavyoizunguka, muulize bei ya bango. Mtatajiwa bei ya mita ya mraba. Mkiuliza dizaini je, mtaambiwa hiyo mtafanyiwa tu, kama mfuko wa plastiki unaopewa bila kuuomba. Kijana aliyekaa kwenye kompyuta amefungua programu ya CorelDRAW, nyuma yake wamesimama wateja watatu, kila mmoja anamwonyesha kidole kwenye skrini: hapo weka nyekundu, hapo kuza jina la bwana harusi. Dakika ishirini faili limekwenda kwenye mashine. Mwenye duka si mtu mbaya. Faida yake iko kwenye wino na turubai, ana mashine iliyonunuliwa kwa mkopo, na mashine iliyolala inamla. Dizaini ya bure ndiyo chambo chake. Lakini mji mzima umeshazoea kwamba kuchora hakuna bei, na mazoea hayo yanawafuata hadi hapa Base Camp. Mchungaji anayewaomba bango la mkutano wa injili hawadharau. Hajawahi kuona risiti yenye mstari wa dizaini.

Kampala nako ni vilevile. Nasser Road ni mtaa mzima wa wachapaji, na mabango yake ya siasa, yenye sura za akina Gaddafi na Idi Amin, yametembea hadi Ulaya. Mtafiti Mbelgiji Kristof Titeca ameyatolea kitabu kizima. Mabango yale hununuliwa barabarani kwa bei ya chini, na utajiri wake uko kwenye wingi wa nakala. Anayeishi kwa wingi wa nakala ni mwenye mashine. Mchoraji alishalipwa mara moja, akaondoka.

Sasa tufanye hesabu, na naomba kila mmoja atoe kalamu. Namba hizi ni za mfano, ubaoni. Kila mtu abadilishe aweke zake. Tuseme laptopu ya mtumba umeinunua shilingi 1,080,000 za Uganda na itadumu miaka mitatu: hiyo ni 30,000 kwa mwezi. Bando la intaneti 60,000. Kuchaji na umeme wa jua 20,000. Nauli za Mbarara 80,000. Jumla 190,000 kabla hujala. Weka 300,000 za chakula, sabuni, karo ya mdogo wako na dawa: 490,000. Je, unafanya kazi ya kulipwa saa ngapi kwa mwezi? Msiniambie 200. Kumsubiri mteja siyo kazi ya kulipwa, wala kumfuata akupe picha, wala kurekebisha mara ya tano kwa sababu shemeji yake hakuipenda rangi. Ukipata saa 80 za kulipwa umejitahidi sana. Gawa 490,000 kwa 80: shilingi 6,125 kwa saa.

Basi posta inayokula saa nne pamoja na marekebisho haiwezi kushuka chini ya 24,500, na nembo ya saa ishirini haishuki chini ya 122,500. Hapo hujaweka akiba hata senti, umebaki palepale ulipokuwa. Anayefanya posta hiyo kwa 10,000 anamlipia mteja 14,500 kutoka mfukoni mwake, na wengi wetu tumekuwa wafadhili wa namna hiyo bila kujua. Mwaka 2020 mgao wa fedha za chakula za wakimbizi ulipopunguzwa kutoka 31,000 hadi 22,000 kwa mtu kwa mwezi, kila nyumba ilikaa chini ikahesabu. Hesabu ya kazi tunaikwepa kwa sababu tunaogopa jibu lake.

Najua mtakachosema: nikimtajia 24,500 ataenda Mbarara akafanyiwe bure. Ni kweli, ataenda. Kwa hiyo kadi ya harusi, bango la duka na kibandiko cha bodaboda msivitegemee kuwa ndiyo kazi yenyewe. Vifanyeni, vinaleta jina na pesa ya chumvi, hasa miezi ya harusi na ya kuhingira, sherehe ya kumwaga bibi harusi, ambapo kadi nyingi siku hizi husafiri kwa WhatsApp tu. Lakini msishindane na duka juu ya kitu ambacho duka linakitoa bure.

Shindaneni nalo pale lisipoweza. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Watutsi waliokimbia Rwanda, na leo yana zaidi ya watu 150,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Kila shirika linalofanya kazi hapa linahitaji tangazo la chanjo, ramani ya vituo vya maji, maelezo ya mgao, kipeperushi cha namna ya kutoa malalamiko. Tangazo moja linatakiwa lisomeke kwa Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda, Kisomali, Kiamhari, na Kinyankole kwa majirani wenyeji wa wilaya ya Isingiro. Likitengenezwa Kampala, mara nyingi linarudi na Kirundi kilichoandikwa kwa masikio ya Kinyarwanda, na herufi za Kiamhari zimegeuka visanduku vitupu kwa sababu kompyuta ya mchapaji haina fonti yake. Limechapwa nakala mia tano, limelipiwa, limebandikwa. Watu wanapita.

Ninyi mnakaa na wasomaji wenyewe. Mnajua nani anasoma na nani anasomewa na mtoto wake, hivyo picha lazima ijitosheleze. Mnajua bango la Rubondo lisilo na mshale halimfikishi mtu popote. Mnaweza kulipeleka tangazo jioni kwa mama mmoja Msomali na mzee mmoja Mrundi kabla halijaenda kuchapwa, mkarudi na masahihisho asubuhi. Kazi hiyo Mbarara haiitoi bure kwa sababu Mbarara haiwezi kuifanya. Iandikieni mstari wake kwenye ankara: kupanga maandishi kwa lugha sita, kiasi fulani, kuyajaribisha kwa wasomaji, kiasi fulani. Uchapaji uwe mstari wa mwisho, kwa bei ya mchapaji mwenyewe. Mteja aone kwa macho yake kwamba anaponunua bango ananunua vitu viwili.

Mkisikia shirika likisema halina bajeti ya dizaini, angalieni bajeti ya kuchapa. Mara nyingi pesa ipo humo humo, imejificha chini ya jina la mchapaji.

Ila shirika halimlipi mtu, linalipa karatasi. Hapa vijana wengi wenye kipaji hukwama, kazi yao ikapitia kwa mtu wa kati mjini anayebaki na sehemu nene. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya biashara na kuanzisha kampuni. Hivyo jina la biashara mnaweza kulisajili URSB, ofisi ya usajili wa biashara, na namba ya mlipakodi mnaweza kuichukua URA, mamlaka ya mapato. Jiungeni watatu au wanne chini ya jina moja. Usajili mmoja unatosha. Hakikisheni jina lililo kwenye kitambulisho cha ukimbizi, kwenye laini ya simu na kwenye akaunti ya benki ni lilelile, herufi kwa herufi. Nimeona malipo yakikaa wiki nyingi kwa sababu ya herufi moja tu iliyopotea ofisini. Ankara ikizidi shilingi milioni moja, mlipaji aliyeteuliwa na URA atakata asilimia 6 ya kodi ya zuio. Dai cheti chake: ile ni kodi yako iliyolipwa mapema, wala haijapotea.

Na chukueni nusu kabla ya kufungua kompyuta. Kwa shirika lenye utaratibu mgumu, angalau barua ya kuagiza kazi yenye saini. Kwa mtu binafsi, nusu, hata awe mchungaji. Hasa awe mchungaji.

Kuna wanaoniuliza kuhusu soko la mtandaoni. Lipo, na wapo Waganda wanaoishi nalo. Lakini hesabu yake ni ileile. Fiverr, moja ya masoko hayo, ilianza mwaka 2010 kwa kuuza kazi za dola 5, na inakata asilimia 20. Kazi ya dola 5 inakuachia dola 4, yaani kama 14,400 tukiichukua dola kwa 3,600, kabla ya gharama za kuihamisha pesa na asilimia 0.5 ya kodi ukitoa kwenye simu. Humo unashindana na dunia nzima kwa kitu ambacho dunia nzima inakijua. Mwenye faida ni yule anayeuza kitu chembamba: anayepanga vitabu vya watoto kwa Kiswahili na Kirundi, kwa mfano, au anayetengeneza majalada ya kwaya za Kikongo zilizotawanyika Marekani na Australia. Kwaya hizo zina watu wenu, zinalipa kwa dola, na zinawaamini kwa sababu mnajua mji wa Bukavu, kule Kongo, unafananaje.

Neno kuhusu kazi inayoendelea kuishi baada ya malipo. Mwaka 1971 mwanafunzi wa Portland, Carolyn Davidson, aliichora alama ya Nike akalipwa dola 35, kwa kiwango cha dola 2 kwa saa. Kampuni ilimkumbuka mwaka 1983, ikampa pete na hisa, kwa hiari yake. Hiari ya mteja haipangiwi bajeti. Nembo, mhusika wa katuni, mchoro utakaochapwa kwenye fulana miaka kumi: viandikieni makubaliano ya ukurasa mmoja, yakieleza mteja atavitumia wapi na kwa muda gani, na akitaka kuvimiliki moja kwa moja alipe zaidi. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006. Karatasi yenye saini mbili ndiyo itakayowafanya mweze kuitumia.

Wakongo mliomo humu mna mfano wa karibu zaidi. Chéri Samba alikuwa mchora vibao vya matangazo Kinshasa, akafungua karakana yake mwaka 1975. Kazi zake za baadaye zimejaa maandishi, Kifaransa na Kilingala, zilezile mbinu za kibao cha barabarani, na mwaka 1989 zilionyeshwa Paris kwenye maonyesho ya Magiciens de la terre. Hakuacha alichokijua kwenye vibao. Alikipeleka kwa mnunuzi mwingine, na akakitia saini.

Mwisho ni swali ambalo najua mmelishika mkononi: kwa nini tusinunue mashine yetu? Maoni yangu, na mnaweza kunipinga kwenye mjadala, ni kwamba mashine ya mabango makubwa tusiiguse kwanza. Inataka umeme usioyumba, fundi wa karibu na kazi ya kila siku, na ikikosa kimoja itawageuza kuwa kama yule mwenye duka, mkigawa dizaini bure ili mashine isilale. Mashine ndogo ya kupiga chapa fulana kwa joto ni hadithi nyingine: bei yake kundi la watu wanne linaiweza, na fulana za mashindano ya mpira na siku ya wakimbizi, tarehe 20 Juni, huagizwa kila mwaka. Kwa mabango, chagueni wachapaji wawili Mbarara, mkubaliane nao bei ya jumla kwa kuwa mnawaletea faili lililokamilika lisilomchukulia kijana wao dakika hata moja. Wawaandikie bei hiyo kwenye karatasi, mrudi nayo hapa, na muiweke ukutani mahali ambapo kila mwanachama anaiona kabla hajamtajia mteja bei.