Moyo na Akili katika Mashauri ya Jamaa

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa jamaa, Al Wukair, Qatar



Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa Al Wukair, sisi tuliotawanyika Muscat, Mombasa, Unguja, London na Toronto. Tuwashukuru pia wenyeji wetu wa hapa Qatar waliotufungulia milango yao. Kamati imenitaka nizungumze juu ya namna hisia zinavyoingia katika maamuzi ya mwanadamu, na sababu ya ombi hilo haifichiki. Kesho asubuhi tutaketi kuizungumzia nyumba yetu ya mirathi iliyoko Mji Mkongwe, Zanzibar: iuzwe, au ichangiwe ikarabatiwe? Sikusimama kuutetea upande wowote. Nataka tuelewe tu yanayopita vichwani mwetu kabla hatujainua mikono.

Wazee walitufundisha kuwa hasira ni hasara. Kwa hivyo wengi wetu tumekua tukidhani kwamba akili njema ni ile isiyoguswa na moyo. Utaalamu wa ubongo unasema vingine. Mwaka 1994 daktari Antonio Damasio, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliandika habari za wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, juu ya macho. Mmoja wao alikuwa ametolewa uvimbe. Alipopimwa akili alifaulu vizuri, na kumbukumbu na lugha yake vilikuwa salama. Kilichopungua ni hisia: aliweza kusimulia misiba yake mwenyewe kama anayesoma habari za mtu mwingine. Hata hivyo, hakuweza tena kuyaendesha maisha yake. Kazi ilimshinda, mali ikapotea, ndoa ikavunjika. Mgonjwa mwingine aliambiwa achague moja kati ya siku mbili za kurudi kwa daktari. Alikaa karibu nusu saa akizipima sababu za siku hii na za siku ile, asifikie uamuzi.

Tunajifunza nini? Akili huhesabu, lakini moyo ndio unaotuambia kipi kina uzito na kipi hakina. Asiyehisi chochote hana pa kuishia katika hesabu zake. Basi asitokee mtu kesho akamwambia mwenziwe, "Wewe unazungumza kwa hisia tu." Sote tutazungumza kwa hisia, hata atakayekuja na karatasi za hesabu.

Sasa tazameni jinsi hisia hizo zinavyotofautiana. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna sehemu ndogo mfano wa lozi, iitwayo amigdala. Hiyo hutambua hatari upesi, hata moyo ukadunda na viganja vikatoa jasho kabla hatujapata la kusema. Pia husaidia matukio yenye hofu au furaha kubwa yakae katika kumbukumbu kuliko mambo ya kila siku. Wapo kati yetu walioondoka Unguja mwaka 1964 wakiwa watoto, na nyumba ile ikitajwa hukumbuka usiku wa hofu. Wapo waliolelewa humo baadaye, nao hukumbuka harufu ya udi na wazee waliokaa barazani. Wapo vijana waliozaliwa ng'ambo ambao hawajakivuka kizingiti chake. Na tangu sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, wapo ambao kila masika huziona kuta zetu za mawe na chokaa zikianguka. Nyumba ni moja, lakini kila mmoja wetu ana yake kichwani.

Hisia hizo huigusa hata bei. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa vikombe. Watu wengine walipewa kikombe, wengine hawakupewa. Katika jaribio mojawapo, waliopewa walitaka yapata dola 7 ndipo wakiuze. Wasiopewa walikuwa tayari kukinunua kwa dola 3 hivi. Kikombe ni kile kile, na mwenyewe alikuwa amekimiliki kwa dakika chache tu. Itakuwaje kwa nyumba ya vizazi vinne?

Huzuni nayo huvuta upande wa pili. Mwaka 2004 Jennifer Lerner, Deborah Small na George Loewenstein walieleza jaribio ambamo watu walionyeshwa kipande cha filamu kuhusu kufiwa, kisha wakapanga bei ya kalamu. Waliohuzunika walikubali kuuza kwa bei ya chini kuliko wasiohuzunika, kana kwamba mwenye majonzi anataka kubadilisha hali yake kwa njia yoyote. Nawakumbusha kwamba msiba wa shangazi yetu mkubwa, aliyeitunza nyumba ile, haujatimiza mwaka.

Haya hayakuwa mageni kwa dini yetu. Mtume (S.A.W.) alimkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa ana hasira. Hakumtaka kadhi asiwe na moyo. Alimtaka angoje utulie.

Kwa hivyo naomba mambo manne. Kwanza, kabla ya bei kutajwa, kila tawi la jamaa lipewe nafasi ya kueleza nyumba ile ni nini kwao, na wengine wasikilize bila kujibu. Pili, makadirio ya mhandisi na ya mthamini yasomwe yote mawili kwa sauti, ili moyo upate kitu cha kupimia. Tatu, kila mmoja ajiulize: kama nyumba hii isingekuwa yetu, ningetoa fungu langu kuinunua kwa bei hii? Na anayetaka kuiuza ajiulize: ningeiuza kwa bei hii kama tusingekuwa na msiba? Nne, kesho tusikate shauri. Tuzungumze, tulale, anayeswali istikhara aswali, kisha tupige kura siku ya kuagana. Na kura isipigwe kwa simu usiku wa manane, mmoja akiwa Toronto na mwingine Muscat, mmoja amechoka na mwingine amekasirika.

Wapo watakaoondoka hapa na jibu wasilolipenda. Nyumba ikibaki, wapo watakaoona wanabebeshwa mzigo. Ikiuzwa, wapo watakaolia. Tukisikilizana kwanza, aliyeshindwa atajua kwamba moyo wake ulipewa nafasi katika hesabu, na mwakani atapokea tena mwaliko wetu.