Chura wa Kihansi na Maji ya Mbizi



Mwaka 1996, katika korongo la Mto Kihansi, Milima ya Udzungwa, watafiti walikuta chura wa rangi ya dhahabu asiyefikia sentimita 3. Hatagi mayai, huzaa vyura wadogo kamili. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache tu, zilizoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko.

Mitambo ya umeme ilipojengwa, sehemu kubwa ya maji ilichepushwa, manyunyu yakakatika. Msitu haukufyekwa, yaliyopungua ni maji tu. Mabomba ya kunyunyizia yalifungwa, lakini ugonjwa wa kuvu wa ngozi nao ukaingia, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Walisalia wale takriban 500 waliopelekwa Marekani mapema, na wazao wao. Mwaka 2012 wazao hao wakaanza kurudishwa korongoni. Safari ndefu mno kwa kiumbe anayeenea juu ya kidole gumba!

Kwetu Ufipa, vijito vinavyoshuka kutoka Msitu wa Mbizi hunywewa na watu kabla ya vyura. Hata hivyo mashamba ya mahindi na maharage yanasogezwa hadi ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zenye kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hizo ni hatua kama 80 za mtu mzima. Zihesabiwe kabla jembe halijashuka, na mwenye shaka juu ya mpaka wake afike kwa Mtendaji wa Kata.