Kabla ya Kununua Darubini ya Kikundi

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya kando ya Msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi)

  

Nimeambiwa jambo la leo limeleta maneno. Vijana wanataka darubini tano. Akina mama wanauliza, kwa nini pesa za mchango wao zinunue kitu ambacho wao hawatakivaa shingoni? Swali hilo ni la haki na nitalirudia. Kwanza niseme ninavyoonelea: nunueni moja nzuri, au mbili mkiweza, lakini si tano za bei rahisi.

Hebu tazameni hizi mbili hapa mezani. Hii ndogo imeandikwa 30x60. Hii nyingine imeandikwa 8x42. Mtu akiingia dukani atasema thelathini ni zaidi ya nane, nipe ya thelathini. Hapo ndipo pesa hupotea. Nambari ya kwanza inasema darubini inakuza mara ngapi. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Sasa mama, chukua rula hiyo ya mtoto wa shule upime. Umeona? Hii ya "sitini" kioo chake hakifiki hata milimita 30! Kama wamedanganya kwenye kitu kinachopimika kwa rula, hiyo nambari nyingine tutaiaminije?

Na hata ingekuwa kweli, isingetufaa. Darubini inayokuza mara 30 inakuza na mtetemeko wa mikono yako mara 30. Ndege atakuwa anaruka-ruka hapo kumbe ametulia. Mikono mitupu inamudu mara 8, wengine mara 10, basi.

Halafu kuna mwanga. Gawanya 42 kwa 8, unapata kama 5. Huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaofika kwenye jicho. Ishike darubini mbali kidogo na uso, ielekeze penye mwangaza (si kwa jua!), utaona kiduara cheupe kwenye kioo cha nyuma. Kwenye darubini ya 10x25 kiduara hicho ni milimita 2 na nusu tu. Mchana kweupe kule Mida, ukiangalia vitwitwi kwenye matope, hutaona tofauti kubwa. Lakini wageni wengi wanakuja kumtafuta bundi mdogo wa Sokoke. Huyu ni ndege wa sentimita 16 hivi, na mchana analala ndani ya kichaka chenye kivuli kizito. Penye giza mboni ya jicho hufunguka, inataka mwanga zaidi. Mgeni amekuja na darubini yake nzuri, wewe kiongozi una ile ya 10x25, unaona kivuli tu. Mwishowe mgeni ndiye anakuonyesha ndege wa kwenu. Atakulipa kwa kazi gani?

Vile vioo vyekundu vinavyong'aa kama pete, viacheni. Vinarudisha nje mwanga mwekundu, na kile unachoona kinageuka kijani-kijani. Bundi huyu yuko wa kijivu na yuko wa rangi ya kutu. Kwa vioo vile utawatofautishaje?

Bei? Ile nzuri ya kuanzia ni kama bei ya mbuzi wawili, watatu. Ziko zinazopita bei ya pikipiki mpya, hizo tuwaachie wenyewe.

Sasa kuitumia. Wengi huinunua na hawairekebishi hata siku moja. Kunja au kunjua pale katikati mpaka uone duara moja, si mawili. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Kisha funga la kushoto, na bila kugusa gurudumu, zungusha kile kioo cha nyuma cha kulia. Kumbuka alama yako, kwa sababu macho ya mwenzako si yako. Mwenye miwani akunje zile mpira za nyuma. Ukimwona ndege, usiondoe macho kwake, inua darubini ije machoni. Na jua msiliangalie kamwe, hata linapotua. Linaunguza jicho ndani, na dawa hakuna.

Akina mama, sasa swali lenu. Geuzeni darubini kinyume, mchungulie kwa kioo kikubwa, na kile kidogo kikaribie kabisa jani la mhindi. Inakuwa kioo cha kukuzia. Wale viwavijeshi vamizi walioingia Kenya mwaka 2017 wana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne ya mraba karibu na mkia. Mtayaona. Kwa hiyo na iende shambani pia.

Utunzaji: hapa pwani adui ni unyevu, vioo vinaota ukungu kwa ndani. Ikirudi ikauke kabla ya kufungiwa. Puliza mchanga kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini. Ncha ya kanga yenye vumbi inakwaruza. Na fundi wa redio asiifungue.

Ikae kwa mama mweka hazina, si kwa mwenyekiti wala kwa mpwa wake (msicheke). Kila anayeichukua aandike daftarini, na akilipwa na mgeni atoe fungu la kikundi mtakalokubaliana leo.

Watakaotumwa Mombasa wawe watatu, mama mmoja wao. Wabebe rula. Watoke nje ya duka waangalie nguzo ya umeme iliyo mbali: ikionekana mbili, au kichwa kikianza kuuma, vioo vya ndani vimepinda, wairudishe. Na wasiondoke bila risiti yenye jina la kikundi.