Kodi ya Pango ni ya Wawili, Afya ni ya Jirani Pia

Mazungumzo kwa masheha, mabwana afya na mabibi afya





Nimetakiwa nizungumze juu ya nyumba za kupangisha: nani azisimamie, na mwenye nyumba anapoomba kusamehewa masharti ya ujenzi au ya matumizi ya kiwanja, ajibiwe vipi. Jambo hili kwetu si geni. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo, Mjini Unguja, waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Pango, tangu zamani, limekuwa suala la umma na si la mifuko ya watu wawili tu.

Leo nachukua mfano kutoka Bara, nao ni mji mdogo wa Ngaramtoni, Wilaya ya Arusha, ulioko kwenye miteremko ya Mlima Meru kando ya barabara kuu iendayo Namanga. Nimeuchagua kwa kuwa huko, kama pembezoni mwa miji yetu, mashamba yanageuka mji. Ardhi na afya si mambo ya Muungano, kwa hiyo sheria nitakazozitaja ni za Tanzania Bara. Lakini mafunzo yake yanatuhusu sote.

Ngaramtoni ni nchi ya Waarusha, wakulima wa migomba, kahawa na mahindi. Shamba la baba hugawanywa kwa wana, na kila kizazi kipande huzidi kuwa chembamba. Jiji la Arusha liko karibu, na soko la Ngaramtoni huvuta watu. Basi palipokuwa na migomba huinuka safu ya vyumba vya kupangisha, na mara nyingi choo ni kimoja kwa vyumba vyote.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ya chumba ni mapatano ya mwenye nyumba na mpangaji. Wapo waliodhani kwamba bei ilipoachwa huru, na nyumba nayo imeachwa huru. Sivyo hata kidogo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 yasema kwamba anayepangisha sehemu tu ya jengo, ni juu yake kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu zinazotumiwa na wote, isipokuwa mkataba umesema vingine. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 humpa Ofisa Afya uwezo wa kukagua na kumwamuru mhusika aondoe kero. Aidha, Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 humtaka anayebadili matumizi ya ardhi apate kwanza kibali.

Sheria zipo, lakini milango ni mingi. Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri kazi yake ni zahanati, vituo vya afya na hospitali. Chumba cha mpangaji hakimo. Ofisa Afya ana lake, ofisa mipango miji ana lake, na mgogoro wa pango una mabaraza yake. Mpangaji ambaye choo cha ua wake kimefurika hajui abishe hodi wapi, na akibisha huogopa kuambiwa ahame.

Maji nayo yana habari yake. Miamba ya Mlima Meru ilitokana na volkano, na maji ya chemchemi na visima vingi vya eneo hilo yana madini ya floraidi kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Madini hayo huwatia watoto rangi ya kahawia menoni, na yakizidi kwa miaka mingi hupinda mifupa. Kuchemsha hakuyaondoi, maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki. Kwa hiyo mpangaji anayechemsha maji kwa uaminifu huua vijidudu, lakini hajiepushi na madhara haya. Mwenye kisima ndiye apasaye kupima na kueleza.

Sasa nakuja kwenye maombi ya kusamehewa masharti. Kuna hoja nzito ya upande wa mwenye nyumba: kiwanja ni chembamba, alikirithi hivyo, na akikataliwa atakosa riziki na wapangaji watakosa pa kulala. Hoja hii haifai kudharauliwa. Lakini tuulize swali moja: mzigo wa msamaha huu utabebwa na nani? Akiomba baraza fupi au chumba kisicholingana na vingine, mzigo ni wake, naye aweza kusikilizwa. Akiomba kuchimba choo karibu na kisima cha jirani, au kuziba dirisha pekee la mpangaji, mzigo amewatwika wengine. Msamaha wa namna hiyo hauna mtu mwenye haki ya kuutoa.

Hivyo basi, natoa ushauri wa mambo manne. Kwanza, ombi lolote la msamaha liandikwe, na majirani na wapangaji wasikilizwe kabla ya uamuzi. Pili, uamuzi utaje sababu na masharti yake, kisha ubandikwe mahali pa wazi, kwa maana msamaha wa kunong'onezana huzaa rushwa. Tatu, malalamiko yote yapokewe mahali pamoja, na anayeyapokea ndiye ayafikishe panapohusika. Nne, nyumba mbovu isifungwe kwa haraka iwapo inatengenezeka. Ukiifunga ghafla, anayelala nje usiku ule ni mpangaji, si mwenye nyumba. Mwenye nyumba apewe ilani yenye muda maalumu, na muda ukiisha afikishwe mbele ya sheria.

Ndugu zangu, kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 kilifika mikoa mingi na hata Visiwani. Hakikuuliza nani mwenye nyumba na nani mpangaji. Bei ya chumba tuwaachie wenyewe waafikiane. Hewa, maji na choo tusimwachie mtu mmoja.