Seremala Aliyehama na Kiti Chake



Ukipita Keko jijini Dar es Salaam, au Gikomba kule Nairobi, utawakuta mafundi seremala ambao ufundi wao hauna shaka. Mwoneshe mmoja wao picha ya kiti kwenye simu, baada ya siku chache kiti unacho. Lakini muulize fundi huyo kwa nini bidhaa zake haziuziki mbali na hapo alipo. Atakutajia umeme, mtaji na bei ya mbao, na yote hayo ni kweli. Mimi leo naongeza sababu nyingine, na mfano wangu ni seremala mmoja mhamiaji wa Kijerumani aliyeitwa Michael Thonet.

Thonet alizaliwa mwaka 1796 katika mji mdogo wa Boppard, kando ya mto Rhine. Mwaka 1819 alifungua karakana yake. Enzi hizo, ukitaka kiti chenye mgongo wa duara, unachukua ubao mnene na kuukata kwa msumeno kufuata mpindo, na sehemu kubwa ya mbao inaishia kuwa kuni na unga wa msumeno. Kuanzia miaka ya 1830 Thonet alishika njia nyingine. Alipasua mbao kuwa vipande vyembamba, akavichemsha kwenye gundi, kisha akavipinda ndani ya kalibu. Kiti kikatoka chepesi, na mbao haikupotea.

Majaribio yale yalimla fedha. Mwaka 1841 alipeleka kazi zake kwenye maonyesho mjini Koblenz, na huko zikaonwa na Metternich, Chansela wa Austria, naye mwenyewe mzaliwa wa Koblenz. Akamwita aende Vienna. Thonet alifunga safari mwaka 1842, na huku nyuma wadai wakaikamata mali yake Boppard. Familia ikamfuata ugenini. Alikuwa mtu mzima wa miaka 46, mwenye madeni, anaanza upya katika mji wa watu. Serikali ya Austria ilimpa kibali cha kutumia mbinu yake, lakini kwa miaka kadhaa alifanya kazi chini ya fundi mwingine, wakitengeneza sakafu za mbao za jumba la kifahari la ukoo wa Liechtenstein.

Mwaka 1848 yakatokea mapinduzi, na Metternich akakimbilia Uingereza. Mfadhili hayupo. Mwaka uliofuata Thonet alifungua karakana yake mwenyewe, na moja ya kazi zake za mwanzo ikawa viti vya mgahawa wa Daum, mmoja wa migahawa ya kahawa ya Vienna. Mwaka 1853 aliiandikisha biashara kwa majina ya wanawe watano.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo karakana ilipogeuka kiwanda. Gundi ya zama zile haikuhimili unyevunyevu, na kiti kilichounganishwa kwa gundi hakifai kupelekwa nchi za joto ng'ambo ya bahari. Ikabidi Thonet ajifunze kupinda mti mzima usio na gundi. Mti aliotumia ni beech, mgumu na ulionyooka, unaojaa katika misitu ya Ulaya ya kati. Tatizo ni kwamba ukiupinda, upande wa nje huvutika hadi nyuzi zikachanika. Dawa yake ilikuwa kuulainisha mti kwa mvuke na kufunga bamba la chuma upande huo wa nje, ili nyuzi zisipate nafasi ya kuvutika. Haki ya mbinu hiyo aliipata mwaka 1856. Mwaka 1857 akajenga kiwanda huko Moravia, katika mji mdogo wa Koritschan, mahali penye msitu wa beech na watu wanaotafuta kazi. Kazi ikagawanywa: wengine wanapinda, wengine wanapiga msasa, na wanawake wengi wakisuka makalio ya viti kwa henzirani. Hakuna aliyetengeneza kiti kizima peke yake.

Mwaka 1859 kikatoka kiti namba 14. Kina vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili. Hakikusafirishwa kikiwa kizima. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye kasha la mita moja ya ujazo, na vikifika vinakofika, mwenye bisibisi anaviunga. Thonet alifariki Vienna mwaka 1871, lakini kiti kiliendelea kutengenezwa, na inakadiriwa kuwa kufikia mwaka 1930 vilikuwa vimeuzwa milioni 50.

Msikilizaji, sababu ninayoiongeza ndiyo hii: sofa ya Keko ikipakiwa kwenye lori kwenda Mwanza, nafasi kubwa inayolipiwa ni ya hewa. Wakati huohuo, meza na makabati mengi kutoka ng'ambo yanatua bandarini yakiwa mbao bapa ndani ya boksi, pamoja na kifuko cha skrubu. Hapo ndipo fundi wetu anapopigwa bao, hata kama mbao zake za mninga ni bora kuliko hizo za unga uliogandishwa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Vyuo vyetu vya ufundi vimfundishe kijana kuchora kiti kinachofunguka na kufungwa upya, pamoja na kazi ya randa na patasi. Na nyinyi mafundi, kaeni watano au kumi, mchague kiti kimoja tu, mkigawane: huyu miguu, yule mgongo, mwingine rangi. Vipimo viwe vilevile kila siku, ili mguu uliotengenezwa leo uingie kwenye kiti cha mwaka jana. Anzeni na kiti kimoja.