Neno "Boy": Maana Zake, na Maneno Yafaayo Kuwekwa Mahali Pake

(Hotuba iliyosomwa Mlali mbele ya wanachama)



Tulipotakiwa kunena juu ya neno moja la Kiingereza, tulichagua "boy" kwa kuwa tulilidhani jepesi. Ni neno la herufi tatu, na mtoto wa shule hulijua mapema. Lakini ndilo neno lililotutia aibu hapa hapa Mlali, basi yafaa tuanze kwa aibu yetu.

Mzee mmoja alituletea karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyotoka katika sanduku la marehemu baba yake. Ilikuwa cheti cha kazi cha zamani za Waingereza. Aliyekiandika ni bwana ambaye yule marehemu alimtumikia miaka 18, akimpikia, akiandika meza yake, na kushika funguo za nyumba kila bwana aliposafiri. Mzee hasomi Kiingereza. Alitaka wajukuu wasikie sifa za babu yao. Tukakipokea kwa furaha, tukafasiri pale pale mbele ya watu: "Alikuwa mtoto mwema, mwaminifu." Vijana wakacheka. Mzee akauliza, "Mtoto wa nani? Baba alipoiacha kazi ile, mimi nilikuwa nimekwisha kuoa." Akaikunja karatasi yake, akaenda zake.

Tulikosa kwa kushika maana ya kwanza ya kamusi. Kamusi husema kwamba "boy" ni mtoto mwanamume, nayo haisemi uongo. Ila wachunguzi wa asili ya maneno wametuonyesha ya kuwa, neno hili lilipoonekana zamani katika maandiko ya Kiingereza, yapata miaka 700 iliyopita, lilikuwa na maana ya mtumishi au mtu wa hali ya chini. Maana ya mtoto mwanamume ilikuja kuzoeleka baadaye. Basi yule bwana hakumwita mpishi wake mtoto kwa kusahau umri wake. Alitumia maana kongwe, ambayo kwao ilikwisha kusahauliwa na wengi, lakini katika nchi walizozitawala ilizidi kupata nguvu.

Wala Waingereza hawako peke yao. Warumi waliwaita watumwa wao kwa neno lile lile la mtoto, hata mtumwa akiwa na mvi. Wafaransa humwita mhudumu wa hoteli kwa neno la mvulana. Na ajabu nyingine ni hii: Kiingereza kina neno "knight", ambalo asili yake ni kijana au mtumishi, likapanda hata likawa jina la heshima apewalo mtu na mfalme, na kina "knave", ambalo asili yake pia ni mvulana, likashuka likawa mtu mwovu. Maneno matatu yalianza karibu mahali pamoja: moja limeketi kitini, moja limetupwa jalalani, na hili letu likatumwa jikoni.

Waingereza walikuwa wakiwaita hivyo watumishi wao huko India kabla hawajaitawala Tanganyika, na hata Wadachi waliowatangulia hapa walikuwa na neno hilo hilo vinywani. Likaingia katika Kiswahili likawa boi, wingi wake maboi, likaketi pamoja na wenziwe yaya na dobi, ambao walitoka India. Likazaa hausiboi na shambaboi, na hao wawili tungali nao. Twaomba kila mmoja wetu ajiulize shambaboi wa jirani yake ana watoto wangapi.

Hapa yafaa tusiwalaumu wageni peke yao, maana lugha yetu nayo ina hesabu yake ya kutoa. Pwani palikuwa na neno mtwana, yaani mtumwa mwanamume, na sikio lolote lasikia mwana ndani yake. Mzalia alikuwa mtumwa aliyezaliwa nyumbani mwa bwana. Sheria iliuondoa utumwa Tanganyika mwaka 1922, lakini sheria haifuti maneno. Tazameni pia kibarua: ni barua ndogo tu, karatasi aliyopewa mtu kuonyesha siku zake za kazi, kisha jina la karatasi likamvaa mtu mwenyewe. Na katika mashamba ya mkonge, ambayo Morogoro tunayajua, watu walioletwa kutoka mbali waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizoandikiwa. Ndugu makarani, ni nani aliyeandika vile vibarua na zile namba? Mkono ulikuwa wa karani.

Kuna matumizi mengine ya neno hili yasiyo na ubaya, nasi tutayapita upesi. Mtu aliyesoma Tabora School huitwa "old boy" wa shule ile, hata akiwa babu, naye hujivunia. Kwa Kiswahili tuseme mwanafunzi wa zamani. Waingereza wawili marafiki waweza kuitana hivyo kwa mapenzi. Hata mchunga ng'ombe wa Marekani, mwenye bunduki na ndevu, ni "boy" kwa jina la kazi yake. Karani anayefasiri kila "boy" kuwa mvulana atamwacha mchungaji huyo hana ndevu.

Lakini huko huko Marekani neno hili lilikuwa na uchungu mkubwa, kwa kuwa mtu mweusi mzima aliitwa hivyo na mtoto mdogo wa kizungu. Mwaka 1968 wazoa taka wa mji wa Memphis, yapata 1,300, waligoma, wakatembea barabarani na mabango yenye maneno machache tu ya kusema kwamba kila mmoja wao ni mtu mzima mwanamume. Tena mwaka 2006 Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua shauri la wafanyakazi wawili weusi wa kiwanda cha kuku katika Alabama, ambao msimamizi wao aliwaita "boy". Mahakama ya chini yake ilikuwa imesema kwamba neno hilo, lisipofuatana na neno la rangi, si ushahidi wa ubaguzi. Mahakama Kuu ikalikataa wazo hilo: maana ya msemaji yaweza kujulikana kwa mahali aliposemea, sauti yake, desturi ya watu wa pale, na historia ya neno lenyewe. Twaona majaji wale walitufundisha kazi yetu ya kufasiri kuliko kamusi zetu zote.

Basi karani aandikeje? Akiwa ni mtoto, aandike mtoto au mvulana. Akiwa amekwisha kubalehe, kijana, na kijana ni neno zuri lisilomshusha mtu. Aliyechukua barua za ofisi ni tarishi, ingawa bwana wake alimwita "office boy". Anayepika ni mpishi, anayelima bustani ni mtunza bustani, na wa kazi zote za nyumba ni mtumishi wa nyumbani, au mfanyakazi wa nyumbani, kama ilivyozoeleka tangu Shirika la Kazi Duniani lipitishe mkataba wa watu hao mwaka 2011. Wengine siku hizi husema dada kwa mtumishi wa kike. Ni neno tamu, lakini tunalitilia shaka kidogo, maana dada wa kweli hula mezani.

Limebaki swali gumu, nalo ndilo lililotusumbua usiku. Tukibadili neno katika karatasi ya zamani, je, hatumfichi mwandishi wake? Bwana yule hakuandika mpishi. Tukiandika mpishi tutakuwa tumemkopesha adabu asiyokuwa nayo.

Tulimfuata mzee nyumbani kwake, tukamwomba radhi, tukamweleza hayo yote. Akanyamaza kitambo, kisha akatuambia tuandike yote mawili: juu, mpishi na mshika funguo, mwema na mwaminifu, chini yake, boi, kama bwana alivyosema, ili wajukuu wajue babu yao aliitwaje. Tukaandika. Tulipokuwa tukifunga kalamu akatuzuia, kwa kuwa cheti kilikuwa na jina moja tu la marehemu. Akataka tuongeze na la baba yake, akatutajia herufi kwa herufi.